Kushikamana, Kuambata na Muwala

Kitenzi cha Kiingereza cohere kina asili ya Kilatini, cohaerere: haerere ni kunata au kunasa, na co ya mbele ni pamoja. Ukoo wake ni mpana. Ndimo alimo adhere, kunata kwenye kitu kingine, na hata hesitate, kusitasita, maana anayesita ni kama aliyenasa njiani.

Kiswahili kina jibu kamili: shikamana. Lipasue neno hili uone. Kuna mzizi shik, kisha am inayoonyesha hali iliyotulia, kisha an ya kutendana. Muundo huo ndio ulio katika fungamana na gandamana. Kilatini kilitanguliza upamoja, Kiswahili kinaumalizia mwishoni, tena kinaongeza habari ya kudumu. Watu wakishikana mikono wataachana punde. Wakishikamana, hiyo imekuwa hali yao.

Ndiyo maana naona ni hasara kuliacha neno mshikamano libebe kila aina ya kunata. Katika sayansi, chembe za kitu kimoja zikivutana zenyewe kwa zenyewe, huo ni mshikamano. Kitu kikivutwa na kitu kingine, tuseme maji na kioo, tunahitaji neno la pili. Mnato hautufai, kwa kuwa tayari ni ule uzito wa kutiririka wa asali na oili. Mimi nachagua mwambato, kutoka ambata. Ile at iliyomo ni ya kugusana: isikilize katika kamata, fumbata, pakata.

Tone la maji juu ya jani la gimbi linaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Linajiviringa likawa kama ushanga, na jani likiinama linabingirika bila kuacha hata unyevu. Molekuli za maji zimeshikamana, na ule uso wenye nta na vinundu vidogo mno hauzipi pa kuambata. Hamishia tone hilo kwenye kioo safi, litatandaa. Zebaki kwenye mrija wa kioo huvimba katikati, kwa sababu mshikamano wake umeshinda mwambato. Maji kwenye mrija huohuo hupanda kingoni.

Mwaka 1894, Henry Dixon na John Joly wa Dublin waliegemea mshikamano huu kueleza jinsi maji yanavyofika kileleni mwa mti. Jani linapotoa mvuke, maji yaliyo nyuma yake huvutwa, nayo huvuta yanayofuata, hadi mizizini. Mvule mrefu hauna moyo wala pampu. Una nyuzi za maji zisizokubali kukatika.

Kitenzi kilekile cohere kimeingia katika elimu ya lugha, na huko kimezaa istilahi mbili, cohesion na coherence. Kitabu cha wanaisimu Halliday na Hasan cha mwaka 1976 kilichambua viungo vinavyofunga sentensi moja na nyingine: viunganishi, viwakilishi, maneno yanayorudiwa. Huo nao tumeuita mshikamano. Lakini soma hapa: Juma alinunua samaki. Samaki huishi majini. Maji yamekatika tangu jana. Kila sentensi imeshikwa na jirani yake kwa neno, na bado hakuna kinachosemwa. Kinachokosekana ni muwala, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kufuatana bila kukatika. Waliosoma fikihi wanalijua kutoka kwenye udhu, ambamo viungo huoshwa mfululizo. Walimu wa insha wamelipokea vizuri, na sioni sababu ya kulitafutia mbadala.

Penye mjadala ni siasa. Kenya ilipounda chombo cha kuwapatanisha raia kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, neno la Kiingereza cohesion katika jina lake liligeuzwa kuwa uwiano: Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Mwanahesabu akisikia uwiano hufikiria mbili kwa tatu. Hata hivyo kuwiana pia ni kudaiana, na raia wa nchi moja kweli wanadaiana haki. Tafsiri hiyo inataja usawa, ambao cohesion haiutaji. Inachoacha ni kule kung'ang'aniana, ambako shikamana ingekuwa imekutaja.