Vidonge na Mazungumzo: Dawa za Maradhi ya Akili Hufanya Kazi Gani Hasa?

Dada yangu alinipigia simu baada ya Isha, analia. "Kaka, mwanangu huko Machakos apewa vidonge vya wendawazimu! Nenda ukamtwae uje naye, nimeshazungumza na shekhe." Mpwa wangu yuko chuo kule, ana miaka 21. Kwa miezi miwili alikuwa halali, hali, masomo kayaacha, na akipigiwa simu hujibu kwa neno moja. Kituo kimoja cha afya kilimpa fluoksetini na kumwambia aonane na mshauri nasaha kila wiki. Nilipofika Machakos nilikuta mambo mawili: kwa mshauri hajaenda hata siku moja, na vidonge alivitupa siku ya kumi. "Mjomba, havifanyi kazi. Vyanichafua tumbo tu."

Mimi si daktari. Nina diploma yangu na kalamu yangu, basi. Lakini tangu safari ile nimesoma na kuuliza wanaojua, na naona yale ambayo mpwa wangu hakuambiwa ni yale yale ambayo wengi wetu hapa pwani hatujaambiwa.

Tuanze na siku ile ya kumi. Dawa za sonona, kama fluoksetini na amitriptilini, hazifanyi kazi kama panadoli. Madhara madogo (kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi kuvurugika) huja siku za mwanzo, lakini nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, na pengine wiki sita kukamilika. Kwa hiyo mgonjwa huonja uchungu kabla ya tamu, na asiyeelezwa huacha katikati. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 kuna jambo jengine zito: wiki za mwanzo fikra za kujidhuru zaweza kuzidi kwa baadhi yao, kwa hivyo jamaa wa karibu wanatakiwa wawe macho na daktari amuone mapema. Kumpa kijana paketi na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu ni kosa. Wala sitaji kituo, maana nahisi vyafanya hivyo vingi.

Pili, hizi si dawa za aina moja. Watu wa kwetu husema "dawa za akili" kana kwamba ni kopo moja. Kuna dawa za sonona na wasiwasi, nilizozitaja. Kuna dawa za kuchanganyikiwa, pale mtu anaposikia sauti zisizokuwepo au kuamini majirani wanamfuata. Ya kwanza katika hizi ilikuwa klopromazini, iliyojulikana zaidi kwa jina la Largactil, ambayo Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa Paris mwaka 1952. Kabla ya hapo, hospitali kama Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, hazikuwa na mengi ya kumpa mgonjwa zaidi ya kumfungia. Siku hizi kuna haloperidoli, kuna olanzapini, na kuna sindano ya Modecate ambayo hudungwa takriban mara moja kwa mwezi kwa asiyeweza kukumbuka vidonge. Kuna za kutuliza hali inayopanda na kushuka, kama lithiamu na kabamazepini. Na kuna Valium na ndugu zake, ambazo hutuliza saa ile ile, na kwa sababu hiyo hiyo mtu huzizoea akashindwa kuziacha.

Sasa tiba ya mazungumzo iko wapi hapo?

Nilivyoelewa mimi, yategemea maradhi. Mtu aliyechanganyikiwa kabisa, haoni mipaka ya ndoto na macho, huwezi kumkalisha ukajadiliana naye fikra zake. Hapo dawa hutangulia, na mazungumzo hufuata akili ikishatulia: kumfundisha yeye na jamaa zake dalili za maradhi kurudi, kumsaidia arudi kazini, kumzuia asiache dawa. Sonona nyepesi ni kinyume chake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba vidonge visiwe ndio jambo la kwanza kwa sonona nyepesi. Mazungumzo yatosha kuanza. Sonona nzito ndipo viwili hivi hukutana, na tafiti nyingi zimeona kwamba dawa pamoja na mazungumzo hushinda kimoja peke yake. Sababu yake yaeleweka. Mtu asiyelala wiki tatu hawezi kumsikiliza mshauri. Dawa humpa usingizi na nguvu ya kutoka kitandani. Lakini kidonge hakimfundishi jinsi ya kuishi na deni, talaka au msiba, na kikiisha, yale yaliyomuangusha yako pale pale. Anayejifunza njia ya kuyakabili ana nafasi nzuri zaidi ya kutoanguka tena.

Zipo pia dawa zinazoharibu mazungumzo. Mtu mwenye hofu kubwa hutibiwa kwa kusogezwa polepole kwenye kile anachokiogopa mpaka moyo uzoee. Akimeza Valium kabla ya kila hatua, moyo haujifunzi kitu. Hujua tu kwamba kidonge kilimwokoa.

Wasioamini kwamba maneno matupu yaweza kutibu, watazame Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watafiti walijaribu tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, ikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Waliichagua kwa kuwa dawa zilikuwa ghali mno kwa vijiji vile. Waliokuwa na sonona kati ya walioshiriki walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, katika vijiji visivyopata tiba walishuka kutoka 94 hadi karibu 55 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na wataalamu duniani huyataja mpaka leo.

Na huko huko Ukambani, katika kaunti ya Makueni iliyokatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, taasisi ya Profesa David Ndetei iliwakalisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa hospitali, kisha ikawafunza hao wawili wa mwanzo kuitambua sonona, kuzungumza na mgonjwa na kumpeleka mbele anapozidiwa. Hawakuambiwa wafunge vilinge vyao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka shekhe wa dada yangu. Kombe na kisomo havigombani na fluoksetini. Kinachogombana nayo ni mtu anayesema, "Acha za hospitali kwanza."

Wala sisi Waislamu tusione haya mambo ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na nafsi. Aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu, ambayo aliona chimbuko lake ni mwilini. Ya kwanza aliitibu kwa maneno ya busara, ya pili kwa dawa za mwili. Hilo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Prozac.

La kiutendaji sasa. Dawa haziachwi ghafla, hata ukijisikia mzima. Daktari hupunguza kidogo kidogo. Kwa sonona huendelea miezi sita au zaidi baada ya kupona. Anayetumia lithiamu asifunge Ramadhani kabla ya kuonana na daktari, kwani maji yakipungua mwilini dawa huzidi kwenye damu na kuwa sumu. Cha mara moja kwa siku ni rahisi, chaweza kunywewa wakati wa daku au futari. Mjamzito aseme mapema, hasa aliye kwenye valproeti, maana humdhuru mtoto tumboni. Mshauri nasaha haandiki dawa, na sheria ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa. Muulize bila haya. Na kama kuna fikra za kujiua, zisemwe. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Hofu ya polisi isiwe sababu ya kuficha.

Mpwa wangu sikumrudisha Mombasa. Tulikwenda pamoja hospitali kubwa ya mjini Machakos, tukapanga foleni tangu asubuhi, akaanza upya. Wiki ya tano alinipigia mwenyewe, akaniuliza Arsenal walicheza saa ngapi. Dada yangu bado humtumia maji ya kombe kwa basi, na yeye huyanywa, kisha hunywa kidonge chake.