Banio la Zege na Mto Unaokatika: Hoja Kuhusu Ruaha Mkuu

Tangu 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kuwa ifikapo 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye tambarare za Usangu, juu ya hifadhi, na 2008 ardhioevu ya Ihefu iliyoko huko ikaingizwa hifadhini. Mto haukuacha kukauka. Ng'ombe walibebeshwa lawama isiyo yao peke yao. Kiini cha tatizo ni namna maji yanavyogawanywa huko juu.

Ihefu ni mfano wa bakuli lenye ukingo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya ukingo huo, hata tone halivuki, ingawa ndani bado yamo. Uhai wa mto kiangazi unategemea basi maji ambayo mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inayafikisha Ihefu baada ya kupita kwenye mifereji ya mpunga.

Hapo ndipo linapohusika banio, yaani kizuizi mtoni kinachoelekeza maji mferejini. Banio la jadi, la mawe, miti na majani, huvuja, na mafuriko hulibomoa. Wahandisi waliuita uvujaji huo upotevu. Kwa mkulima wa chini, na kwa kiboko, ulikuwa ndio fungu lao. Banio la zege lenye lango la chuma likaziba nyufa zote, na aliye juu akapata uwezo ambao babu yake hakuwa nao: kuchukua mto mzima. Naona hilo ni kosa la usanifu kabla ya kuwa kosa la tabia.

Vibali vya kutumia maji viliongeza tatizo. Kibali kinachotaja lita kadhaa kwa sekunde hakina madhara wakati wa masika. Kiangazi, jumla ya lita zilizoandikwa yaweza kuuzidi mto wenyewe. Mtu anaukausha akiwa na karatasi halali mkononi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo mengine yafuate. Lakini vijiji vingi vya Usangu huchota maji ya nyumbani mferejini, hivyo mfereji mzima huachwa wazi kwa ajili ya ndoo chache, na sehemu kubwa ya maji hunywewa na udongo na jua. Kisima kimoja kijijini kinaweza kuuokolea mto maji mengi kuliko doria ya askari.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iandike vibali vya kiangazi kwa mafungu ya mto uliopo, si kwa lita. Na kila banio la zege litobolewe tundu chini, lisilo na lango wala kufuli.