Malazi ya Mkimbizi katika Kalehe

Msafiri aendaye ugenini kwa hiari huchagua: hoteli, nyumba ya wageni, au kwa ndugu. Je, mkimbizi huchagua nini? Sisi wa kandokando ya Ziwa Kivu twalijua swali hili.

Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu waliingia Kivu, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Wengi walikaa makambini. Kalehe nako kulikuwa na kambi. Huko walipata turubai, maji na posho ya UNHCR. Lakini katika makambi mengi askari walioshindwa na wanamgambo walitawala kwa vitisho, hata aliyetaka kurudi kwao aliogopa kusema. Wengine walilala kwa wenyeji, mbali na posho, ila kwa jirani aliyewajua kwa jina.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu wa kambini angelima shamba la nani?

Oktoba 1996 vita vikafika. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, mtetezi wa wakimbizi na wenyeji, aliuawa tarehe 29. Makambi yakavunjika: wengi wakarudi Rwanda, wengine wakakimbilia misitu ya magharibi, hata Tingi-Tingi.

Basi, ndugu wasomaji, mkimbizi akibisha hodi, tusiulize tu kama amepata pa kulala. Tuulize pia: ni nani ashikaye mlango wake?