Wanafunzi wa Mlimani Walipotumwa Kuwauliza Wazee

Mwaka 1968, likizo ilipofika, wanafunzi wa Historia wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walirudi makwao na kazi mkononi: kuwatafuta wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani. Hesabu ilikuwa inawabana. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 sasa alikuwa na 73, na kila msimu ulizika mashahidi.

Kabla ya hapo, vita hivyo vilijulikana zaidi kwa maandishi ya maofisa wa Kijerumani na wamisionari, walioviita uasi. Wanafunzi wakaketi barazani, wakauliza, wakaandika: nani aliyeleta maji yaliyoaminika kuzuia risasi, nani aling'oa pamba, nani alikufa kwa risasi na nani kwa njaa. Mradi huo uliongozwa na mwanahistoria John Iliffe pamoja na Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyeendelea na utafiti huo hadi shahada ya uzamivu. Wajerumani walikuwa wamekadiria vifo 75,000. Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Tuitazame tofauti hiyo. Ni watu wetu zaidi ya laki moja na nusu ambao hesabu ya mtawala haikuwaona. Waliorudisha habari zao ni vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima, katika somo ambalo leo tunasema halina ajira.

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 15, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Jeraha hilo, pamoja na Azimio la Arusha la Februari 1967, liliacha swali zito: msomi wa chuo cha umma anamdai nani, na anadaiwa na nani? Sehemu ya jibu ilikuwa kozi ya pamoja, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Taaluma za Maendeleo. Mwanasayansi na mwanasheria walitakiwa wote kujifunza historia na uchumi wa jamii iliyowalipia. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa maamuzi bora yaliyowahi kufanywa pale kilimani.

Simulizi za wazee hazikuishia kwenye makabati. Ebrahim Hussein, mwanafunzi wa sanaa za maonyesho katika chuo hichohicho, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Alimchukua Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyeleta maji, akamfanya binadamu mwenye shaka, anayeona kwamba neno alilolitoa limekwisha kumponyoka. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimekutana na Maji Maji kupitia kitabu hicho chembamba, si kupitia ripoti ya kikoloni. Mwanahistoria alikusanya simulizi, msanii akazipa uhai, na Kiswahili kikazifikisha darasani. Idara hizo zilikuwa jirani, na ujirani huo ndio uliozaa matunda.

Siku hizi mikopo na sifa huelekezwa kwanza kwenye sayansi na tiba. Madaktari tunawahitaji, sibishani na hilo. Lakini daktari anayepelekwa Kilwa au Songea atawatibu wajukuu wa watu wale, na ni haki yake kujua wametoka wapi. Kuzinyima fedha idara za historia, fasihi na maonyesho katika vyuo vya umma ni kosa, kwa sababu chuo binafsi kinachoishi kwa ada hakina sababu ya kumtuma mwanafunzi kijijini kumsikiliza mzee.

Wazee wa Maji Maji hawapo tena. Wanaokumbuka Uhuru wa 1961 bado wapo, na wengi wamepita miaka 70. Mzazi, mwanao akichaguliwa kusoma Historia Mlimani, usimkatishe tamaa. Mnunulie daftari, umpeleke kwa babu yake.