Paka Safarini: Njia ya Misafara ya Kilosa na Barabara ya Mikumi

Historia ya barabara aghalabu huandikwa kwa majina ya watu: nani alipita, mwaka gani, na alikwenda kutafuta nini. Wanyama hutajwa wakibeba mizigo au wakifa. Paka hakubeba mzigo wa mtu yeyote, wala kufa kwake hakukupunguza bidhaa za tajiri. Kwa hiyo nafasi yake katika historia ya njia itokayo pwani kwenda bara ni ndogo mno. Walakini paka yupo Kilosa, yupo Mikumi, na yupo Ujiji. Mnyama aichukiaye safari kuliko wenzake wote wa nyumbani amesafiri mbali kuliko wengi wao. Jambo hili lastahili kuelezwa, maana lina uzito hata leo.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo na bandari jirani, ikakata uwanda wa Mkata, kisha ikapanda bonde la mto Mkondoa katika nchi ya Wasagara, ambamo mji wa Kilosa ulikuja kukua. Kwa wanyama wageni njia hii ilikuwa kaburi. Mwaka 1857 Burton na Speke walipita huko, na punda wao wakapukutika mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1871 Stanley alipoteza farasi wake wawili siku za mwanzo za safari. Masika yakamkuta Mkata, na punda wake wakadhoofika katika matope. Mbwa wake wa ulinzi, Omar, aliyeletwa kutoka Bombay, alikufa kabla ya msafara kufika Ugogo, mahali ambapo ulinzi wake ungefaa zaidi. Mwaka 1895, kwa uchunguzi alioufanya katika nchi ya Wazulu, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye achukuaye ugonjwa wa nagana kutoka mnyama hadi mnyama. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini bidhaa za Afrika ya Mashariki zilikwenda kwa bega la binadamu.

Paka hakuwa mgeni kamili katika bara hili. Wataalamu wa urithi wa viumbe walionyesha mwaka 2007 kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye Waswahili humwita kimburu. Urafiki wake na watu ni wa kale: katika kisiwa cha Kipro lilifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Urafiki huo ulijengwa juu ya nafaka. Penye ghala pana panya, na penye panya paka hupata riziki. Vyombo vya Bahari ya Hindi vilileta pwani hii panya weusi wa Asia, ambao mabaki yao yamefukuliwa Unguja Ukuu, na baharia mwenye shehena ya mchele alikuwa na sababu njema ya kumkaribisha paka chomboni.

Lakini chombo ni nyumba itembeayo, na msafara si nyumba. Mbwa hushikamana na mtu. Paka hushikamana na mahali. Wahenga walisema, paka wa nyumba haingwa, na katika neno hilo paka na nyumba ni kitu kimoja. Msafara uliamka alfajiri, ukatua jua lilipokuwa kali, na kila siku kambi ilikuwa mpya. Paka aliyefunguliwa jioni katika kambi ya namna hiyo yamkini asingeonekana asubuhi. Ilibidi achukuliwe ndani ya tenga, na mpagazi aliyekwisha beba frasila mbili hakutamani nyongeza inayolia na kuparura. Kwa hiyo ni haki kufikiri kwamba paka hakuenea bara kwa miguu ya wapitao njia, bali kwa mikono ya waliokwenda kukaa: mwenye duka, mwenye shamba, na mke aliyehamia kwa mumewe na vyombo vyake vya jikoni. Reli ilirahisisha kazi hiyo. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kila kituo kilizaa maghala, na maghala yalimwita paka.

Mikumi ina habari nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikachukua sehemu ya uwanda uleule wa Mkata, na barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani yake kwa kilometa 50 hivi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, mafuta ya Zambia yalipita huko kwa malori, na mapema katika miaka ya 1970 barabara ikawa ya lami. Mwendo uliomchosha mpagazi kwa siku nyingi sasa humalizwa kwa saa chache. Anayehamia Iringa kutoka Dar es Salaam huweza kumchukua paka wake pamoja na masanduku.

Wepesi huo umeleta hatari mpya. Zamani njia ilimwua mnyama wa kufugwa. Siku hizi mnyama wa kufugwa aweza kuidhuru nchi aipitayo. Paka wa nyumbani na kimburu huzaana, na watoto wao huzaa. Kule Scotland kuchanganyika kwa namna hiyo kumemfikisha paka mwitu mahali ambapo mwaka 2019 wataalamu walisema jamii yake haiwezi tena kujisimamia yenyewe mwituni. Maradhi nayo hupita mlango huohuo: mwaka 1994 ugonjwa uliotoka kwa mbwa wa vijijini uliua kiasi cha simba 1,000 katika Serengeti, yaani thuluthi moja ya simba wote wa huko.

Basi msafiri anayefungua mlango wa gari kati ya Mikumi ili paka anyoshe miguu hafanyi jambo dogo. Paka akiogopa lori atakimbilia majanini, na hatarudi kwa kuitwa jina, maana mahali pale si kwake. Chui akimkosa, ataishi. Akiishi, atazaa na kimburu, na baada ya vizazi kadhaa babu atakuwa amepotea ndani ya wajukuu. Tenga lililofungwa vizuri, chanjo kabla ya safari, na subira ya kilometa 50 ni gharama ndogo. Mpagazi wa kale alilikataa tenga la paka kwa sababu ya uzito wake. Dereva wa leo hana udhuru huo.