Kozi na Kitwitwi: Historia ya Hofu Katika Pwani ya Magharibi ya Canada

Katika mwaka 1960 wafugaji wa njiwa wa mashindano huko Uingereza waliilalamikia Serikali yao kwamba kozi wamezidi mno, nao wanawamaliza njiwa wao. Ili kuupima ukweli wa madai hayo uchunguzi ulifanywa mwaka 1961 na 1962, ukiongozwa na mtaalamu Derek Ratcliffe. Jawabu likawa kinyume kabisa: kozi hawakuzidi, bali walikuwa wakitoweka. Mwaka 1967 Ratcliffe akaonyesha sababu, baada ya kuyalinganisha maganda ya mayai mapya na yale yaliyohifadhiwa na wakusanyaji wa zamani. Tangu miaka ya 1946 na 1947 maganda yalikuwa membamba, hata ndege alipoatamia aliyavunja mwenyewe. Dawa ya DDT ilikuwa imepanda kutoka mdudu hadi ndege mdogo, na kutoka ndege mdogo hadi mla-ndege, ikizidi kujilimbika katika kila daraja.

Huko Marekani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani kufikia kati ya miaka ya 1960 hapakuwa tena na kozi aliyetaga upande wa mashariki wa nchi hiyo. Matumizi ya DDT yalipigwa marufuku mwaka 1972. Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake wakazalisha makinda na kuyaachia porini. Na mwaka 1999 kozi akaondolewa katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini.

Aghalabu masimulizi huishia hapo, kwa furaha. Walakini kozi hali mayai ya wenzake wala majani, na yafaa kuuliza yaliwapataje wale anaowala.

Neno kitwitwi watu wa pwani hulitumia kwa aina nyingi za ndege wadogo wa ufukoni. Hapa nalitumia kwa aina moja ambaye makao yake si kwetu. Huzaliana Alaska ya magharibi, na majira ya baridi hukaa kuanzia California hadi Peru. Njiani hutua katika matope ya Mlango wa Georgia, Canada, ili kujaza mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo akiba ya safari, lakini pia ni mzigo: ndege mnene huruka kwa uzito, na kozi hahitaji zaidi ya nukta moja ya uzito huo.

Mwaka 2004 Ron Ydenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser walitangaza kwamba tangu mwaka 1985 vitwitwi waliotua katika baadhi ya vituo vya Mlango huo walikuwa wakizidi kuwa wepesi na kukaa muda mfupi zaidi. Kisiwa cha Sidney, chenye matope machache, kilikuwa mfano ulio wazi. Hesabu ya ndege pale ilikuwa imeshuka sana, na mwenye kuitazama angelia kwamba vitwitwi wanakwisha. Lakini tuseme ndege 100 hufika kila siku: wakikaa siku nane, mhesabuji atawakuta 800, wakikaa siku mbili, atawakuta 200, ingawa waliopita ni wale wale. Wataalamu hao walipopiga hesabu waliona kwamba upungufu wote wa kituo hicho ulitokana na ufupi wa kukaa.

Mimi naona kosa lingekuwa kubwa kama mtu angelitumia jambo hili kukanusha kila habari ya kupungua kwa ndege wa ufukoni, maana matope yanayofukiwa kwa ujenzi hayamsingizii kozi. Lakini mlinzi wa ndege hawezi tena kupima ubora wa kituo kwa wingi wa chakula tu. Ufuko mpana, ulio mbali na miti na maficho, una thamani yake hata kama chakula chake ni cha wastani.

Katika Ghuba ya Boundary, karibu na Vancouver, yuko jamaa mwingine wa kitwitwi akaaye hapo majira yote ya baridi. Katika miaka ya 1970, maji yalipojaa, makundi yake yalipumzika nchi kavu. Kozi waliporudi, makundi hayo yalianza kuruka juu ya bahari, yakizunguka huko kwa saa nyingi bila kutua, hadi maji yapwe.