Chuo kikuu au shule kuu? Maneno yaliyosimama kati ya Bungoma na Paris

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa tu, simu za wazazi huanza. Siku hizi wa Kitale na Bungoma hunipigia kwa jambo ambalo miaka 20 iliyopita lilikuwa nadra: mtoto amepata A au A ya kutoa, hataki Nairobi wala London, anataka Paris. "Prof, tunaanzia wapi?" Jawabu langu huwakera kidogo, kwa kuwa wanatarajia niwape jina la tovuti au la mtu wa kumwona. Mimi huwaambia tuanze na maneno.

Hebu tulichukue neno chuo lenyewe. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo kilikuwa kitabu, na chuoni palikuwa mahali mtoto alipofundishwa Kurani. Ndiyo sababu msomi wa dini akaitwa mwanachuoni. Shule ilikuja baadaye, kutoka kwa Wajerumani wa Tanganyika, na skuli ikabaki Unguja kwa mkono wa Mwingereza. Elimu ya juu ilipohitaji jina, hatukuazima kwa mtu. Tulikitwaa chuo tukakiongezea ukuu, na jina likakaa vizuri mdomoni. Tatizo ni kwamba jina hilo moja limemeza vitu viwili ambavyo Wafaransa wamevitenganisha kwa zaidi ya miaka 200.

Wao wana université, na wana grande école. Hili la pili, ukilifasiri neno kwa neno, ni shule kuu. Sasa mwambie mzazi wa Webuye kuwa bintiye ameitwa shule kuu, atadhani mtoto amerudishwa kidato cha kwanza. Mwambie université, atapiga vigelegele. Ilhali kule Ufaransa, mara nyingi ni hiyo shule kuu yenye mlango mwembamba, nayo université ndiyo iliyokuwa na lango pana.

Mambo hayo yana historia yake. Mwaka 1257 kasisi Robert de Sorbon alianzisha Paris makazi ya wanafunzi maskini wa theolojia. Hiyo Sorbonne ambayo leo tunaitaja kwa unyenyekevu ilianza kama bweni la wasiojiweza. Mapinduzi ya Ufaransa yalivifunga vyuo vikuu vyote mwaka 1793, kwa kuwa vilionekana kuwa mali ya kanisa na wafalme. Lakini jamhuri bila wahandisi na walimu haiendi mbali, kwa hivyo mwaka uliofuata, 1794, zikaundwa École polytechnique na École normale. Napoleon naye akaja kuunda upya chuo kikuu mwaka 1808, na katika amri hiyo hiyo akaweka mtihani wa baccalauréat. Hapo njia zikagawanyika. Aliyepita bac alikuwa na haki ya kuingia université. Aliyetaka shule kuu alilazimika kushinda concours.

Neno concours nalo lisitupite hivi hivi. Wengi hulifasiri mtihani, na hapo hukosea. Katika mtihani unashindana na alama: ukifika, umepita, hata mkiwa elfu. Katika concours unashindana na mwenzako: nafasi zimehesabiwa mapema, wanatwaliwa wa juu hadi zijae, aliyefuata anarudi nyumbani hata kama ni hodari. Kwetu KCSE ni mtihani inapofanywa, halafu inageuka concours ikifika mikononi mwa KUCCPS. Mtoto wa Kimilili aliyekosa udaktari kwa nukta chache anaujua uchungu huo hata kama hajui jina lake la Kifaransa.

Chuo ambacho wanaonipigia hukitaja zaidi ni Sciences Po. Hiki kilizaliwa mwaka 1872, baada ya Ufaransa kupigwa vibaya na Prussia. Émile Boutmy na wenzake waliona kwamba taifa lilishindwa kwa sababu viongozi wake hawakuufahamu ulimwengu, wakaanzisha shule binafsi ya sayansi ya siasa. Mwaka 1945 serikali iliipanga upya. Leo shule hiyo hujiita chuo kikuu, lakini bado huchagua wanafunzi kama shule kuu. Unaona jinsi maneno yanavyotuchezea!

Suala hili la kuchagua si dogo kwa Wafaransa. Mwaka 1986 waziri Alain Devaquet alileta mswada ambao wanafunzi waliuona kama hila ya kuingiza mchujo katika vyuo vikuu vya umma. Walijaa barabarani. Usiku wa kuamkia Desemba 6, kijana wa miaka 22, Malik Oussekine, alipigwa na polisi jijini Paris akafa. Waziri akajiuzulu na mswada ukaondolewa siku chache baadaye. Tangu hapo neno sélection likawa kama kaa la moto kwa wanasiasa. Ilifika mahali, mwaka 2017, kozi zilizojaa zikawa zinagawa nafasi kwa bahati nasibu, ndipo mwaka 2018 ukaja mfumo wa Parcoursup unaosoma faili ya kila mwanafunzi. Kwa maoni yangu kulikuwa na unafiki fulani humo. Taifa lililokataa katakata mchujo vyuoni liliendelea kuuheshimu mchujo mkali kupita kiasi kwenye shule kuu zake, na watoto wa wakubwa ndio waliozijaza. Sciences Po wenyewe walikiri jambo hilo mwaka 2001 walipofungua njia ya pembeni kwa shule za mitaa ya wanyonge.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna swali ambalo watu hawaulizi: kwa nini Paris iwe ngeni hivi kwa Bungoma, wakati makasisi wa Kifaransa walikuwa jirani tu, Uganda, tangu 1879? Jibu liko katika vita. Mwezi wa Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana Mengo, na kwa lugha ya mitaani ya wakati ule walijulikana kama Waingereza na Wafaransa, japo wote walikuwa Waganda. Lugard alikuwa upande wa hao wa kwanza. Roma ikaona hatari ya Ukatoliki kuonekana kama chama cha Wafaransa. Mwaka 1894 ilikata eneo la mashariki, ikaliita Upper Nile, ikawapa wamishonari wa Mill Hill wenye makao London, nao wakawasili mwaka 1895. Eneo hilo liligusa upande wetu, kwani nchi hii ya magharibi ilihesabiwa kuwa Uganda hadi 1902. Mwaka huo huo wa 1902 Wakweka kutoka Marekani walifika Kaimosi, wakaenea hadi Bungoma.

Kwa hiyo Mkatoliki wa Kibabii aliitazama London, Mkweka wa Lugulu akaitazama Marekani. Mfaransa alikuwa ameondolewa kwenye ramani kabla ya babu zetu hawajashika kalamu. Mfano mzuri ni Masinde Muliro. Alizaliwa sehemu za Kimilili mwaka 1922, akavuka mpaka kusoma Tororo, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town. Aliporudi akawa mwalimu, na mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye alihamia Trans Nzoia, kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi, akawa mbunge huko. Njia yake yote, kuanzia darasa la misheni hadi shahada, ilipita katika Kiingereza. Wakati huo Afrika Magharibi kijana Léopold Sédar Senghor alikuwa ameshafika Paris, mwaka 1928, akashindwa concours ya École normale, akajaribu mlango mwingine na mwaka 1935 akapata agrégation ya sarufi, Mwafrika wa kwanza. Aliujua mchezo kutoka ndani. Sisi tunausoma kwenye simu.

La kushangaza ni kwamba wao walitusoma zamani. Padri Charles Sacleux, aliyefika Zanzibar mwaka 1879, aliandika kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyochapishwa 1939, na mpaka leo mtafiti wa lahaja za pwani hawezi kuipuuza. Kiswahili kinafundishwa Paris katika INALCO, chuo ambacho mizizi yake ni shule ya lugha iliyoanzishwa 1795. Kijana wa Kitale anayejiona hana chochote cha kupeleka Ufaransa, lugha yake imeshamtangulia.

Basi anapofungua fomu, maneno yanamngoja. Licence si leseni ya kuendesha gari, ni shahada ya kwanza, ya miaka mitatu. Collège ni shule ya watoto wa miaka 11 hadi 15, si chuo cha ualimu. Professeur anaweza kuwa mwalimu wa shule ya upili, kwa hivyo mwalimu wako wa Kifaransa Kamusinga ni professeur na hahitaji kuniamkia mimi kwanza! Lakini neno linaloumiza zaidi ni lettre de motivation. Nimeona watu wakilifasiri barua ya motisha. Kwa Mkenya, motisha ni kile kitu kidogo anachopewa mfanyakazi ili atie bidii. Barua ya motisha inasikika kama mwalimu anadai marupurupu. Mimi napendekeza barua ya azma.

Barua hii ndiyo kiini cha mchujo wa leo. Mwaka 2021 Sciences Po walifuta mtihani wao wa kuandika. Mwombaji kutoka nje hupeleka matokeo, maandishi kuhusu nafsi yake na majina ya waliomfundisha. Akipita hapo, huhojiwa takriban nusu saa, na katika mahojiano huonyeshwa picha ayatoe mawazo yake. Hakuna jibu la kukariri.

Msichana mmoja wa Bungoma aliniletea barua yake niipitie. Ilisema kwamba yeye ni mtiifu, mwenye nidhamu, anayemcha Mungu, anatoka familia isiyojiweza, na atashukuru sana akikubaliwa. Kila neno lilikuwa la kweli. Ilikuwa ndiyo lugha ya hati ya kumaliza shule na ya barua za basari kwa afisi ya mbunge. Tumewafundisha watoto wetu kuomba msaada, na kwa hilo wamefuzu. Hatukuwafundisha kusema wanataka kujua nini. Tena adabu yetu inakataza mtu kujipigia debe: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kamati ya Paris inataka kizuri kijitembeze.

Nilimuuliza ni jambo gani humkosesha usingizi. Akanyamaza, halafu akaanza kueleza juu ya mahindi. Kwa nini kila mavuno, Kitale na Bungoma, bei huanguka wakulima wote wanapouza kwa pamoja, madalali wananunua, na bohari za NCPB zinafunguliwa wakulima wengi wakiwa wameshauza? Kwa nini debe la dalali ni kubwa kuliko debe la dukani? Alizungumza dakika 20 bila kupumua. Nikamwambia aende akaandike hayo hayo, na asiniletee tena neno mtiifu.

Mengine niyapitie haraka. Hesabu ya miaka haitutupi: nane na nne ni 12, na Mfaransa naye husoma mitano, minne na mitatu, ambayo ni 12. Vyuo vya umma kwa jumla huuliza kama cheti chako kingekuingiza chuo kikuu kwenu, na kwetu hiyo ni C ya kujumlisha. Anayeomba kozi ya Kifaransa kwa kawaida atadaiwa kiwango cha B2. Zipo pia kozi za Kiingereza. Kuhusu fedha, tangazo la Novemba 2018 liliwapandishia wanafunzi wasio wa Ulaya karo ya vyuo vya umma kutoka euro 170 hadi 2,770 kwa mwaka wa licence. Kesi ilifika Baraza la Katiba, likasema mwaka 2019 kwamba elimu ya juu ya umma ni ya bure lakini ada ya wastani inaruhusiwa. Vyuo vingi vimekuwa vikiwasamehe baadhi ya wageni, kwa hivyo ulizia. Viza nayo hudai uonyeshe angalau euro 615 za matumizi kwa mwezi. Sciences Po ni ghali zaidi ya hapo, ingawa wana ufadhili wenye jina la huyo Boutmy, mahususi kwa wasio wa Ulaya. Na mzazi asiuze shamba kumlipa mtu wa kati. Wazazi wa jirani zetu Uasin Gishu walioandamana mwaka 2023 kwa ajili ya mpango wa Finland walikuwa wamelipa wakiwa na imani kamili.

Kazi kubwa inakuja. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na watamaliza 2028. Watapeleka Paris cheti ambacho kamati hizo hazijawahi kukiona, chenye viwango badala ya A na B, na chenye maneno kama umilisi na mikondo ambayo bado sisi wenyewe tunabishania maana yake kwa Kiswahili. Mtu atalazimika kukieleza kwa Kifaransa. Walimu wa Kifaransa wa Kitale na Bungoma ninaowafahamu ni wachache, na bado hakuna aliyewaita mezani.